Picha za Utotoni na Ushahidi Wake

Mwanahistoria hufundishwa kuamini waraka kuliko mdomo, na mdomo wa mtu mzima kuliko mdomo wa mtoto. Mafundisho hayo yana hekima yake, wala sikusudii kuyadharau. Lakini mtu akifika umri wa makamo huona kwamba baadhi ya mambo anayoyajua kwa yakini hakuyapata katika waraka wala kwa mwenye elimu, bali aliyapata alipokuwa mdogo, katika giza la jumba la sinema, ameketi juu ya kiti ambacho miguu yake haikufika chini. Katika makala haya nataka kulichungua jambo moja la namna hiyo. Ni jambo lililonifedhehesha mbele ya wanafunzi wangu, kisha likanifunza juu ya historia ya sinema katika nchi zetu kitu ambacho nilikuwa nimekisoma bila ya kukielewa.

Nianze na fedheha yenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikitoa mhadhara juu ya hadithi za mama na mwana katika fasihi ya Kiswahili, na kwa kulinganisha nikaitaja picha ya Kihindi iitwayo Mother India, iliyotengenezwa na Mehboob Khan na kutolewa mwaka wa 1957. Niliusimulia mwisho wake kwa ufasaha. Mama, ambaye jina lake ni Radha, anamwelekezea bunduki mwanawe Birju aliyegeuka haramia. Mapenzi ya uzazi yanamshinda. Anapiga risasi hewani. Na kijana anakimbilia milimani juu ya farasi wake. Juu ya risasi hiyo ya hewani nikajenga hoja nzima. Hapo mwanafunzi mmoja, binti mpole asiyezoea kusema darasani, akainua mkono akaniambia, "Samahani, Mwalimu. Mama yule hapigi hewani. Anamwua."

Darasa likanyamaza. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba picha hiyo nimeiona kwa macho yangu. Jioni ile nikaitafuta, nikaitazama tangu mwanzo hata mwisho, karibu saa tatu, nikaona kwamba binti alisema kweli na mimi nilisema uongo. Radha anampiga mwanawe risasi, na mwana anafia mikononi mwa mama. Hapana hewa wala mlima. Wiki iliyofuata nilikiri kosa langu mbele ya darasa, kama ipasavyo. Lakini kukiri kosa si sawa na kulielewa. Swali lilibaki likinisumbua: ikiwa picha haina mwisho ule, mimi niliuona wapi?

Nilizaliwa Unguja mwaka wa 1979, na mji ule ulikuwa mji wa sinema tangu zamani. Mwaka wa 1921 lilifunguliwa jumba la Royal, lililochorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza yule yule ambaye majengo yake mengi yangali yakitazamwa na wageni hata leo. Katika miaka ya 1950 jumba la mahali pale liliteketea kwa moto, na pale pale Vuga likajengwa Majestic jipya, lililofunguliwa mwaka wa 1955. Malindi palikuwa na jumba la Sultana, ambalo baadaye liliitwa Cine Afrique, na Darajani palikuwa na Empire. Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba hayo yaliingia mikononi mwa serikali; na Tanzania Bara nako, sheria ya mwaka wa 1971 ya kutaifisha majengo iliyagusa majumba mengi ya sinema.

Watu wa Unguja hawakuyaendea majumba hayo kwa kupoteza wakati tu. Katika miaka ya 1930 walitazama picha za Misri, wakamwona Umm Kulthum na Muhammad Abdel Wahab, ambao hapo kwanza waliwajua kwa sauti za santuri. Baada ya Vita Vikuu vya Pili picha za Kihindi zilishika mahali pa mbele, na tuni zake zikaingia katika taarabu zikavikwa maneno ya Kiswahili, hata mtu asiyejua asili yake akadhani zilizaliwa hapa. Picha ya Raj Kapoor iitwayo Awara, ya mwaka wa 1951, ilipendwa mno. Sababu yake si ngumu kuiona. Humo mna hakimu anayeamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi, akamfukuza mkewe mja mzito kwa shaka tu, na mwanawe mwenyewe akakulia katika uhalifu. Watu waliolelewa na methali isemayo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka walikuwa na haja ya kulijadili jambo hilo, nao walilijadili njiani wakirudi makwao.

Nilipokuwa mtoto, katika miaka ya 1980, enzi hiyo ilikuwa imekwisha pita adhuhuri yake. Televisheni ya Zanzibar ilikuwa imeanza mapema katika miaka ya 1970, nayo ilikuwa ya rangi. Kanda za video zilikuwa zimeingia majumbani mwa wenye uwezo. Hata hivyo majumba yaliendelea, na picha kongwe zilirudishwa mara kwa mara kwa kuwa zilikuwa na wapenzi wake. Hivyo ndivyo nilivyoiona Mother India nikiwa na umri wa miaka minane, miaka thelathini baada ya kutolewa kwake.

Aliyenipeleka ni shangazi yangu, dada wa baba, ambaye ndiye aliyekuwa akinilea. Mama alikuwa amekwenda Maskati mwaka wa 1985 kutafuta riziki, kama walivyokwenda watu wengi wa Unguja na Pemba katika miaka ile. Baba alikwisha kufariki. Shangazi alinilea pamoja na watoto wake, wala sikumbuki siku aliyonibagua. Kila alipopata fedha kidogo za ziada alininunulia tiketi, akavaa buibui lake, tukaenda.

Shangazi hakujua Kihindi. Jambo hilo nililijua baadaye sana. Wakati ule niliamini kwamba anakijua kama ajuavyo Kiswahili, maana aliniinamia tangu picha ilipoanza hata ilipokwisha, akaninong'oneza sikioni kila kilichosemwa. "Huyu mzee ndiye mwenye kukopesha. Anamwambia, mama mkwe wako aliweka shamba rehani kwa ajili ya arusi yako." "Sasa mume anaona haya kwa sababu hana mikono." "Huyu mdogo ana hasira, mtazame macho yake." Nilipoitazama tena nikiwa mtu mzima, maneno ya tafsiri yakipita chini ya picha, nilistaajabu kuona jinsi alivyokosea mara chache. Deni lilikuwa rupia 500, na riba yake ilikuwa robo tatu ya mavuno ya kila mwaka. Shangazi hakuitaja hesabu hiyo, lakini aliniambia, "Wanalima wao, anakula yeye," na hiyo ndiyo maana yenyewe. Alikuwa ameiona picha hiyo katika ujana wake, si mara moja, na kila mara aliwauliza waliojua lugha. Elimu yake ya picha ilikuwa imekusanywa kwa miaka thelathini.

Hapa naomba msomaji aniruhusu nimwache shangazi kitini kwa muda, nitazame nyuma kidogo, kwa maana mnong'ono wake una nasaba ndefu kuliko nilivyodhani.

Kati ya mwaka wa 1935 na 1937 kulikuwa na kikundi cha Waingereza kilichokaa Vugiri, katika milima ya Usambara, kikitengeneza picha za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba ya fedha. Wakuu wake walikuwa L. A. Notcutt na G. C. Latham, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka katika Shirika la Carnegie la Marekani. Picha hizo zilisafirishwa kwa lori na kuonyeshwa vijijini katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na ya Kati. Kwa kuwa watazamaji walikuwa wa lugha nyingi, sauti haikutiwa katika ukanda wa picha. Ilitiwa katika sahani za santuri zilizopigwa sambamba na picha, ili picha moja iweze kusema lugha nyingi. Mwaka wa 1939 serikali ya Uingereza ilianzisha huko London idara ya picha za makoloni, na magari ya sinema yakazidi kuzunguka. Gari la namna hiyo halikwenda bila ya mtu wa kusimama na kipaza sauti, akawaeleza watu kwa lugha yao kinachotokea. Tanganyika yenyewe zilitengenezwa baadaye picha zilizosema Kiswahili; katika mojawapo, Muhogo Mchungu ya mwaka wa 1952, mchezaji alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa nchi.

Wakuu wa idara ile ya London walikuwa na rai moja mashuhuri. Waliamini kwamba mtazamaji wa Kiafrika asiyezoea sinema hawezi kuifuata picha ya haraka, na kwamba lazima atengenezewe picha za polepole, zenye jambo moja moja, zisizo na ujanja wa kamera. Katika miaka hiyo hiyo waliyokuwa wakisema hivyo, watu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam walikuwa wakikaa saa tatu mbele ya picha za Kihindi zenye nyimbo, ndoto, mambo ya kale yanayorudi na vizazi viwili vya ukoo mmoja, katika lugha wasiyoijua, wakalia mahali pa kulia na kucheka mahali pa kucheka. Rai ile ilikosea kwa kuwa ilimhesabu mtazamaji kuwa mtu mmoja mmoja aliyekaa peke yake na picha. Kwetu hapakuwa na mtazamaji wa namna hiyo. Pembeni mwa kila mtoto palikuwa na mkubwa, na pembeni mwa kila asiyejua palikuwa na anayejua au anayedai kujua.

Jambo hili si letu peke yetu. Wajapani, katika enzi ya picha bubu, walikuwa na msimulizi aliyeitwa benshi, ambaye sifa yake pengine iliishinda sifa ya wachezaji. Wala jambo hili halikufa pamoja na majumba. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hata mwaka wa 1994, na vibanda vya video vilipoenea Dar es Salaam, walitokea wasimulizi walioweka sauti zao za Kiswahili juu ya picha za ng'ambo. Mmoja wao, Derek Mukandala, anajulikana zaidi kwa jina la Lufufu. Kampala nako wapo wanaofanya kazi hiyo kwa Kiganda. Wasimulizi hawa hawatafsiri tu. Huongeza, hupunguza, hufanya mzaha, humpa adui jina la mtu wa mtaani. Wanaoisikiliza kazi yao hulijua jambo hilo na hulipenda.

Shangazi alikuwa wa ukoo huo. Ila yeye hakuwa na kipaza sauti. Na mtazamaji wake alikuwa mmoja tu.

Baada ya fedheha yangu ya darasani nilikwenda kumwona, nyumbani kwake Ng'ambo. Alikuwa amekwisha kuwa mzee, lakini akili yake ilikuwa timamu. Nilimwamkia, tukanywa chai, nikamwuliza kama anaikumbuka Mother India.

"Nani asiyeikumbuka?"

"Mwisho wake ulikuwaje, shangazi?"

Alinitazama kidogo. "Anamwua mwanawe."

"Mbona mimi uliniambia alipiga hewani?"

Hakuona haya wala hakujitetea. Aliweka kikombe chini, akasema, "Wewe siku zile ulikuwa hulali. Kila usiku ukiniuliza, mama atarudi lini. Na watoto wa mtaani walikwambia mama yako kakutupa, ukaja kwangu ukilia. Barua zake zilikuwa zimekatika miezi. Mimi nilikupeleka nikidhani utafurahi kuona farasi. Tulipofika kati nikakumbuka mwisho wake. Sasa ningefanya nini, na tiketi nimekwisha kulipa? Nilipoona anaichukua bunduki nikakufunika."

Hapo nikakumbuka. Nilikumbuka giza ndani ya giza, harufu ya udi katika kitambaa cheusi, na mlio mmoja wa bunduki uliosikika kwa mbali kama mlango unaofungwa katika nyumba ya jirani. Sikioni nilisikia sauti yake: "Amepiga juu. Mtoto amekimbia. Ana hasira, lakini atarudi, na mama yake atamsubiri." Aliponifunua, maji yalikuwa yakifunguliwa kuingia mashambani, nayo yalikuwa mekundu. Nilimwuliza kwa nini maji ni mekundu. Aliniambia, ni udongo wa kwao.

Mama alirudi mwaka wa 1993. Tulikutana bandarini, mimi nikiwa nimemzidi kimo. Yapo mengi ambayo hatujayasema hata leo, lakini sikuwahi kuamini kwamba alinitupa. Nilikuwa nimeyasadiki yale niliyoyasikia chini ya buibui: kwamba mama, hata akishika bunduki, hupiga hewani. Nilidhani nimeyapata kwa Wahindi, kumbe nilipewa na shangazi.

Sasa nirudi katika kazi yangu ya historia, maana makala haya hayakuandikwa kwa ajili ya kumsifu mtu wa nyumbani kwetu. Tuifanyeje kumbukumbu ya namna hii? Kanuni ya kawaida ni kuisahihisha na kuitupa. Ikiwa tunauliza picha ya Mehboob Khan inasema nini, basi kanuni hiyo ni sawa kabisa, na yule binti aliyenisahihisha alinitendea wema. Mwalimu hana ruhusa ya kusimama mbele ya wanafunzi na kusimulia kitabu au picha kwa kutegemea utoto wake. Kisa cha Radha kimejengwa makusudi juu ya risasi inayopata: mwanawe amemteka binti wa yule mkopeshaji siku ya arusi yake, na mama anachagua heshima ya binti wa kijiji kuliko uhai wa mtoto wake mwenyewe. Ukiiondoa risasi hiyo, picha nzima inaanguka. Shangazi aliiangusha, na mimi nikaihubiri ikiwa imeanguka.

Lakini ikiwa tunauliza picha hiyo ilifanya kazi gani Unguja mwaka wa 1987, basi kosa langu ni ushahidi, na ushahidi wake haupatikani mahali pengine. Katika kumbukumbu za serikali tutaona majumba yalijengwa lini na kutaifishwa lini. Tutaona pia habari za bodi zilizokagua picha na kukata sehemu zake, kwanza chini ya Waingereza na baadaye chini ya serikali zetu, kwa hofu ya siasa au ya maadili. Hatutaona popote kwamba ndani ya jumba lenyewe mlikuwa na mkasi mwingine, mkononi mwa mwanamke asiye na cheo, aliyekata mahali pamoja tu kwa ajili ya mtu mmoja tu. Wala katika hesabu za watu waliosafiri kwenda Arabuni hatutaona kwamba safari zile ziliingia mpaka katika hadithi, zikabadilisha mwisho wa picha iliyotengenezwa Bombay kabla wasafiri wengi hawajazaliwa.

Nadhani kila aliyekulia katika miji yetu ana picha moja ya namna hii, anayoikumbuka kwa namna ambayo picha yenyewe haikukubali. Yuko anayeamini kwamba Gabbar Singh wa Sholay alitubu. Yuko anayemkumbuka Bruce Lee akisema neno ambalo Bruce Lee hakulisema kamwe. Tunapowasikia huwacheka, tukawaonyesha ukanda wa asili, mjadala ukaisha. Ingefaa tuwaulize swali la pili: nani alikuwa ameketi karibu nawe? Ulikuwa na umri gani? Nyumbani kulikuwa na nini wakati ule? Waliokuwa wasimulizi wa majumbani sasa ni wazee, na majumba yenyewe hayafanyi tena kazi yake ya zamani. Wanafunzi wetu wana simu za kurekodi mifukoni mwao na bibi zao majumbani. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji subira na adabu ya kumsikiliza mtu anayekosea bila ya kumkatiza.

Shangazi hakukubali kwamba alikosea. Nilipomwaga siku ile alinisindikiza mpaka mlangoni, akasema, "Wao walifanya picha yao. Mimi nilikuwa na mtoto wangu." Mhadhara ule nautoa hata leo, kila mwaka. Ninapofika mahali pa Radha na bunduki yake huwasimulia wanafunzi miisho yote miwili, nikawaambia upi ni wa Mehboob Khan na upi ni wa mwanamke mmoja wa Ng'ambo, ili wasije wakaichanganya kama nilivyoichanganya mimi.